Kipimo cha Mtoto Anayeinama

Nyinyi mnaochora siku hizi kwa kubofya, mkikosea mnafuta kwa kidole, nipeni nafasi kidogo kabla hamjaniweka kabatini pamoja na rula yangu. Nimestaafu nikiwa nimechora hoteli mbili, hospitali moja, jumba la maduka ambalo ukitaka kulizunguka kwa miguu unapumzika katikati, na nyumba za watu ambazo siwezi kuzihesabu. Nina diploma. Nilipoipata, waliokuwa na diploma ya uchoraji wa majengo kijijini kwetu walikuwa mmoja tu: mimi. Imetundikwa sebuleni kwangu hapa Kitengela, juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Watu wa mtaa huniita Injinia. Mimi si injinia, lakini siwakatazi.

Nasema haya ili mjue kwamba anayewasimulia kosa hili hakuwa mtu asiyejua kazi. Nilijua kazi. Ndiyo maana sikumuuliza mtu.

Kosa lenyewe lilikuwa mlango. Mlango wa watoto, katika shule ya chekechea ya binti yangu Mwende, ukitoka Kitengela kwenda Isinya, ukishayapita mashamba ya maua. Ndiyo kazi yangu ya mwisho na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nitaufikia mlango. Kwanza niwapeleke Machakos, kwa sababu huko nilikuwa nimeshafundishwa nisifanye nilichokuja kufanya.

Aliyenifundisha ni Mzee Ndolo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Tulichora kwa wino kwenye karatasi inayopitisha mwanga. Ukikosea mstari hukutupa karatasi. Ulichukua wembe, ukaulaza, ukakwangua wino polepole bila kutoboa, kisha ukapasugua pale kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Nilikuwa bingwa wa wembe, waulizeni waliokuwapo. Nakala tulizitoa kwa mashine ya amonia, na amonia ile ilitutoa machozi kiasi kwamba mteja akiingia anatukuta sote tunajifuta macho, anauliza kwa sauti ya chini, "Ni nani huyo ametuacha?"

Mwaka wangu wa kwanza nilichora ngazi za jengo la maduka. Ngazi kumi na saba, nzuri, isipokuwa ya mwisho juu ilizidi wenzake kwa sentimita tatu. Fundi alifuata mchoro, kwa sababu fundi mzuri hufuata mchoro hata ukiwa mbaya. Mzee Ndolo hakunigombeza. Alinichukua, akaninunulia soda, tukakaa kwenye kiti cha mbao mkabala na zile ngazi. Mama mmoja akapanda, akajikwaa juu. Mwanamume mwenye kofia, akajikwaa. Msichana wa shule, akajikwaa, akageuka kuangalia kilichomkwaza, hakuona kitu. Tulikaa saa nzima.

"Unawaona?" Mzee Ndolo akaniambia. "Hao wote wanakusalimia wewe."

Akamaliza soda yake. "Mchoro haujaisha mpaka uende ukae hapo uone watu wakiutumia. Na ukiwaona, waulize."

Nililishika la kukaa. La kuuliza likanitoka njiani.

Kutoka kwa Mzee Ndolo nilikwenda Doha. Mwende alikuwa na miaka miwili. Nilikaa huko miaka ishirini na miwili, na sitajifanya kwamba sikufanya vizuri. Nilianza kwenye meza ya nyuma, nikamaliza na vijana wanane chini yangu, wenye digrii, wakiniletea kazi niikague. Kompyuta nilijifunza mwenyewe. Lakini kule mchoro ukikamilika huondoka, nawe unapewa mwingine. Niliwahi kuchora chekechea ya watoto wa matajiri, yenye mlango mdogo wa duara wa watoto peke yao, na sikuwahi kumwona mtoto hata mmoja akiupita. Mwende pia nilimwona hivyohivyo, kwa picha, kila mwaka akiwa na urefu mwingine.

Niliporudi alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mzima, ananiita Baba kwa adabu kama vile mtu anavyomwita mkaguzi wa shule "Bwana". Alikuwa amepewa pembe ya shamba na bibi mmoja Mmaasai, Koko Nashipae, ambaye boma lake liko nyuma ya mashamba ya maua. Koko ni bibi, kwa Kimaasai. Sharti la Koko lilikuwa moja: watoto wa boma wasome pamoja na watoto wa wafanyakazi wa maua. Mwende akakubali. Mimi nikamwambia, "Usitafute mchoraji. Mchoraji ni huyu."

Na nilichora, vijana. Hapa ndipo ninataka mtoe kalamu.

Udongo wa upande ule ni mweusi, unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na huvunja nyumba kama mtu anayevunja biskuti. Chimbeni mpaka mfike maramu, ile changarawe ngumu nyekundu, au mwamba. Fundi akikuambia, "Hapa imetosha, Injinia," shuka shimoni mwenyewe ukiwa na fimbo. Upepo wa pale hutoka mashariki na umebeba vumbi la uwanda mzima. Kwa hiyo upande huo niliweka madirisha madogo ya juu, na yale makubwa nikayaweka magharibi, chini ya veranda. Kizingiti cha dirisha nilikiweka sentimita hamsini kutoka sakafuni, mtoto aone ng'ombe wakipita akiwa ameketi. Upande wa bawaba za mlango, kumbukeni, vidole vya watoto huingia humo kama vinaitwa; funikeni mwanya kwa ukanda wa mpira. Maji ya visima virefu vya huku yana chumvi na hugeuza meno ya watoto kahawia, basi paa lote nikalielekeza kwenye tangi, wanywe maji ya mvua. Na sakafu ya choo iwekeeni pima maji kabla saruji haijakauka. Maji yanatakiwa yaende kwenye tundu. Nimeona vyoo ambavyo maji huja kumpokea mtu mlangoni.

Halafu nikaweka fahari yangu. Pale pa kuingilia, kaunta ya terazo, mita tatu, vijiwe vya kijani na vyeupe, imesuguliwa kwa mkono mpaka unajiona. Kimo, mita moja na sentimita kumi. Mwalimu anasimama nyuma yake, anaandika majina, mzazi anaishia hapo. Na kando ya kaunta, ule mlango wa duara wa Doha, wa watoto peke yao, mita moja na ishirini. Nilitaka mtoto aingie mwenyewe, ajione mkubwa.

Watoto wa wafanyakazi wa maua waliupenda. Waliingia, wakatoka, wakaingia tena mpaka Ticha Akinyi, aliyekuwa akimsaidia Mwende darasani, akawashika mashati. Mimi nilikuwa hapo kila asubuhi, mikono kifuani, kando ya mlango, nikitazama kazi yangu ikifanya kazi.

Watoto wa boma walikuja kumi na mmoja. Walifika mpaka mlangoni, wakasimama, wakainamisha vichwa. Wakakaa hivyo. Watoto wengine wakawapita pembeni. Baada ya muda wakainua macho, wakatazama mlango, wakarudi kushika shuka za mama zao. Na mama zao, walipoona kaunta na walimu nyuma yake kama watu wa benki, wakawachukua wakarudi nao nyumbani.

Niliona tatizo mara moja, kwa kuwa mimi huona matatizo mara moja. Mlango ulikuwa mfupi. Mtoto wa Kimaasai ni mrefu, anaona mlango mfupi, anainama. Nikamwita fundi wangu, Kilonzo, tukavunja duara, tukainua mlango ukafika mita moja na nusu.

Jumatatu akaja Sanaipei, mjukuu wa Koko, miaka minne, urefu wa mita moja kamili. Akasimama mbele ya mlango wa mita moja na nusu, akainama.

Nikasema basi ni giza la kule ndani. Nikaweka bati la kupitisha mwanga juu ya ukumbi. Wakainama kwenye mwanga. Nikasema ni ukuta mtupu, unawatisha. Nikamleta mchoraji wa mabango kutoka Kitengela, akachora twiga kando ya mlango, twiga mzuri sana, kope zote zinaonekana. Sanaipei akamwinamia twiga.

Wiki ya tatu watoto wa boma waliokuwa bado wakifika mlangoni walikuwa wamebaki wanne. Siku moja, baada ya watoto kuondoka, Mwende alikuja akakaa kando yangu kwenye rundo la mawe lililosalia.

"Baba, muhula ukiisha hivi nitamrudishia Koko shamba lake."

"Kwa nini? Darasa limejaa."

"Limejaa watoto wa watu wengine. Siwezi kukaa kwa shamba ya Koko nifundishe kila mtu isipokuwa wajukuu wake. Nilimpa neno."

"Na wewe utaenda wapi?"

"Machakos. Kuna shule wananitaka."

Nilikuwa nimeacha kazi Doha, nikaacha vijana wanane na meza ya mbele, nikanunua ploti Kitengela kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa imekaa hapo kando yangu ikijipangusa vumbi la saruji kwenye sketi. Nilitaka kusema hivyo. Badala yake nikamwambia nitaangalia tena kizingiti cha mlango.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Koko Nashipae ameketi kwenye jiwe nje ya ua, fimbo mapajani, Sanaipei kando yake akicheza na mbuzi mchanga. Koko ni mtu mwenye maneno. Amejenga nyumba za boma lake yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kama wanawake wa kwao wanavyojenga, na hakuwahi kukubali kwamba mimi na yeye tunafanya kazi moja.

"Supa, Baba Mwende," akanisalimia.

"Ipa, Koko."

"Umeongeza mlango?"

"Nimeinua. Sasa hata wewe unaweza kupita."

"Mimi nimejenga nyumba saba. Zote mlango ni fupi. Hakuna mtoto imekataa kuingia."

"Zako ni za udongo na samadi, Koko. Hii ni ya mawe."

"Yangu ni ya samadi, na yako ni ya karatasi," akasema, akacheka mpaka mbuzi akageuka. "Umejenga mlango mara mbili. Nyumba ya kwanza nilijenga nikiwa msichana, nikajenga mara moja."

Hapo, vijana, nilifanya kitu ambacho nilitakiwa kukifanya miezi mingi nyuma. Nilikaa chini kwenye mchanga, nikamuuliza.

"Koko, niambie. Wajukuu wako wanaogopa nini pale?"

Akaacha kucheka. Akanitazama kama mtu anayepima kama mzigo utabebeka.

"Hawaogopi. Wanangoja."

"Wanangoja nini?"

Alimwita Sanaipei. Mtoto akamwacha mbuzi, akaja, akasimama mbele ya bibi yake, akainamisha kichwa. Koko akanyoosha mkono, akamgusa utosini kwa kiganja, kidogo tu, kama mtu anayegusa unga kuona kama umepoa. Sanaipei akainua uso, macho yamefunguka, akakimbia kurudi kwa mbuzi.

"Umeona?" Koko akasema. "Mtoto yetu hapei mtu mzima mkono. Anapea kichwa. Ukishika, umesema umemuona, karibu. Kama hujashika, yeye hajafika bado. Sasa peleka yeye kwa mlango yako. Nani ako hapo?"

Nikatazama mlango wangu. Ulikuwa na mwanga juu, na kizingiti kilichosuguliwa.

"Twiga," nikasema.

"Twiga," Koko akasema. "Hiyo mlango yako ni mzuri, Baba Mwende. Lakini haina mkono."

Mtaniuliza ilikuwaje sikujua. Nilizaliwa Ukambani, nikaondoka nikiwa kijana, nikarudi nikajenga mjini Kitengela, ambako majirani zangu ni Wakamba na Waluhya na Wakisii, kila mtu na geti lake. Nilikuwa nimewaona watoto wa Kimaasai wakiinama mbele ya wazee wao barabarani, nikaona kama mtu anavyoona mvua ikinyesha kwa jirani. Lakini kilichoniuma si hicho. Kilichoniuma ni kwamba kando ya mlango hapakuwa na twiga peke yake. Kila asubuhi, wiki tatu, mtu mzima mwenye mvi alikuwa amesimama hapo, mikono kifuani. Watoto wale hawakuwa wakiuinamia mlango. Walikuwa wakiniinamia mimi. Na mimi nilitoa tepu nikapima kizingiti.

Saa kumi jioni nilimkuta Mwende jikoni akiosha vikombe vya uji.

"Ulijua?"

"Nijue nini, Baba?"

"Habari ya vichwa."

Alikausha kikombe kimoja, akakiweka, akachukua kingine. "Kila mtu hapa anajua."

"Mbona basi hukutoka kuwasalimia?"

"Nilijaribu juu ya kaunta." Akapandisha mkono wa sweta. Upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, ambapo ukingo wa terazo unakaa mtu akijinyoosha juu yake, palikuwa na alama nyekundu, ndefu. "Mkono haufiki. Na nikitaka kutoka nje lazima nizunguke ofisi na jikoni. Nikifika, wale wameshaenda, na huku ndani wamempanda Ticha Akinyi kichwani."

"Nauliza mbona hukuniambia mimi."

"Baba, ulikuwa unaonyesha watu kaunta."

Nikachukua kikombe alichokwisha kukikausha, nikakikausha tena.

"Kila Jumamosi unaleta wageni. Unawaambia wapapase. Yule mzee wa kanisa ulimwambia aweke shavu asikie vile iko baridi." Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Ulitoka mbali sana kuja kunijengea hii kitu. Ningeanzia wapi?"

"Kwa hiyo ungefunga shule kuliko kuniambia?"

Alisimama na kikombe mkononi. Ni mtu wa kweli, Mwende, hata ukweli ukimchelewesha.

"Sijakuzoea bado, Baba," akasema. "Sikujua ungechukuaje."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda peke yangu na nyundo nzito na tindo mbili. Kilonzo alipopita akaniona nimevua shati, akaja mbio.

"Injinia! Ngoja niite vijana!"

"Hapana."

"Hii terazo tulisugua wiki nzima. Mpaka vidole zangu zikaisha alama. Nikienda kuchukuliwa alama za kitambulisho watasema mimi si mtu."

"Najua, Kilonzo. Shika upande ule tusivunje ukuta."

Terazo nzuri haivunjiki kwa urahisi, na ile ilikuwa nzuri. Nawaambia hili kwa fahari na kwa maumivu ya mgongo. Ilipofika saa nane kaunta ilikuwa vipande, na mahali pake palikuwa na uwazi mpana kutoka ukumbini mpaka veranda, upepo ukipita. Kilonzo alikaa juu ya vipande akafuta jasho.

"Sasa tunaweka nini?"

Swali zuri. Mimi nina vitabu vya vipimo, na ninavijua kwa kichwa: urefu wa mtoto wa miaka minne akisimama, akiketi, akinyoosha mkono kufikia bomba, akipanda ngazi. Nilivifungua vyote usiku ule na Jumapili baada ya kanisa. Hakuna hata kimoja chenye kipimo cha mtoto anayeinama.

Jumatatu nilikwenda bomani kwa Koko na tepu yangu. Nilimwomba awaite wajukuu. Walipanga mstari, wanacheka, mama zao wanachungulia. Nilianza na Sanaipei. Aliinama, nami nikaweka mkono wangu wa kushoto utosini mwake, na kwa wa kulia nikavuta tepu mpaka chini. Sentimita themanini na nane. Aliyemfuata, themanini na tano. Mvulana mmoja mkubwa kidogo, tisini na nne. Niliandika kila kimo kwenye daftari, na kila kichwa nilikigusa, maana sasa nisingeweza kupima bila kugusa. Kisha nikamwomba Koko aketi kwenye kigoda chake, anyooshe mkono kama anamsalimia mtoto, nikapima na mkono wake.

"Na mimi pia unapima?" akauliza. "Nataka ulete fundi wa kushona, si wewe."

"Tulia, Koko. Wewe ndio kipimo chenyewe."

"Sasa ameanza kusikia," akawaambia mama wa watoto kwa Kimaasai, na mmoja wao akanitafsiria akicheka.

Pale kaunta ilipokuwa tulijenga benchi la mawe, kimo sentimita thelathini na nane, mgongo wake ukiwa ukutani kuzuia upepo wa mashariki. Ukiketi hapo, mkono wako wa kulia unakutana na kichwa cha mtoto bila wewe kuinama wala yeye kujinyoosha. Mlango tuliupanua, mwalimu atoke na kuingia apendavyo. Vipande vya terazo tuliviweka kwenye njia ya kutoka getini, watoto wasikanyage tope. Mkifika pale mtavikanyaga. Vinang'aa mvua ikinyesha.

Sitawadanganya kwamba siku ya kwanza wote walirudi. Walirudi watatu. Koko aliketi kwenye benchi, Mwende kando yake. Sanaipei alikuja, akampita bibi yake kabisa, kwa kuwa bibi alishamsalimia nyumbani, akasimama mbele ya Mwende. Akainama. Mwende akamgusa. Mtoto akainua uso na kuingia ndani, akaanza kutafuta mahali pa kuweka viatu, kama mtu aliyekuwa akija hapo tangu azaliwe. Hakuuangalia mlango hata kidogo. Nimechora majengo ambayo watu husimama barabarani kuyapiga picha, na hakuna sifa niliyowahi kupata iliyonitosha kama mtoto yule kutouangalia mlango wangu.

Kufikia katikati ya muhula kumi na mmoja wote walikuwa ndani, na wa kumi na mbili akaja ambaye hatukumwandikisha, alimfuata dada yake. Halafu ugonjwa wa kuinama ukaenea. Watoto wa mashamba ya maua nao wakaanza kupanga mstari kwenye benchi. Otieno, mwenye miaka mitano, ambaye wazazi wake wametoka Siaya, alimwinamia kila mtu, hata dereva wa lori la maji. Mama yake alikuja akiwa na wasiwasi.

"Ticha, huyu mtoto wangu kila siku anaangalia chini. Amepoteza nini?"

"Hajapoteza kitu, Mama Otieno," Ticha Akinyi akamwambia. "Mguse tu kichwa, atainuka."

Mama akamgusa. Otieno akainuka. Mama akamgusa tena, kuhakikisha.

Habari za Machakos hazikutajwa tena. Sikuuliza, kuna maswali ambayo mtu hujibiwa akiona mwanawe ananunua miche ya kupanda kando ya ua.

Lakini kuna asubuhi moja ninayotaka kuwaachia. Koko alikuwa amekwenda Namanga na shanga zake kuuza, Ticha Akinyi alikuwa na mafua, na Mwende alikuwa na kazi ndani. Akaniambia nikae mimi. Nikaketi kwenye benchi, mikono imejaa chokaa kwa sababu nilikuwa nikiziba ufa mdogo, nikaipangusa kwenye suruali. Wakaja mmojammoja, kutoka upande wa boma na upande wa mashamba ya maua. Vichwa vya watoto asubuhi, vijana, vina joto la blanketi. Vingine vinanukia moshi, vingine mafuta ya nazi. Kimoja kilikuwa na kipande cha chapati, sijui kilifikaje. Nilivigusa vyote, na hakuna aliyejali chokaa.

Uani palipotulia, Mwende akatoka na daftari la majina. Nikaanza kumweleza habari ya ule ufa, kwamba ni wa plasta tu, msingi ni imara, mimi nauhakikishia miaka hamsini. Alisimama mbele yangu, mwanamke mzima, akalishika daftari kifuani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Nilifikiri ameangusha kitu. Nikatazama sakafuni. Kisha nikaelewa.

Nikaweka mkono. Nywele zake alikuwa amezisuka mistari minene, na katikati ya mistari ngozi ilikuwa na joto. Mara ya mwisho kichwa hicho kilienea chote kwenye kiganja changu. Sasa hakikuenea, na mimi sikujua mtu huweka mkono kwa muda gani. Kwa watoto ni kugusa tu na kuachia, Koko alinionyesha. Nilijua hivyo. Lakini sikuachia.

Ndani, Otieno alikuwa ameanza kuimba peke yake, na wengine wakamfuata.

"Basi, Baba," Mwende akasema chini kwa chini, bila kuinua kichwa. "Watoto wananingoja."

"Nautoa mkono sasa hivi," nikasema.

"Haya," akasema, akasubiri.